Umibozu, kambare wa tetemeko au mizuka ya Taira: kiumbe gani wa bahari ya Kijapani atundikwe ukutani?

Ukitafuta mtandaoni picha ya bahari ya Kijapani ya kutundika sebuleni, utaletewa lile wimbi kubwa la mchoraji Hokusai kabla hujamaliza kuandika. Ni picha nzuri, sina ugomvi nayo. Ila limeshachapwa kwenye vikombe, fulana na kava za simu mpaka macho yamelizoea, na tena halina kiumbe wa baharini hata mmoja ndani yake: ni mashua tatu, mlima Fuji na maji. Wachoraji wa zama za Edo (1603–1868) walikuwa na bahari nyingine, iliyojaa majitu, mizuka, samaki wenye ukubwa wa meli na nguva wenye pembe. Huko ndiko ningekupeleka.

Habari njema ni kwamba gharama yake ni karatasi na fremu tu. Wachoraji hawa wamefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, hivyo haki miliki imekwisha, na makumbusho kama Metropolitan ya New York (tangu Februari 2017) na Rijksmuseum ya Amsterdam yanaruhusu mtu yeyote kupakua picha zake za aina hii kwa ubora wa kuchapisha. Kazi inayobaki ni kuchagua, na hapo ndipo watu hukwama, kwa kuwa picha zote zinavutia kwenye skrini ya simu. Ukutani ni habari nyingine.

Vipimo vyangu ni viwili. Je, picha itavumilia kutazamwa kila siku kwa miaka? Na mgeni akiuliza "hii nayo ni nini?", kuna kisa cha kumsimulia, au utabaki kusema "ni joka la Kijapani" basi?

Umibozu au mizuka ya Taira

Hizi mbili ndizo zinazoshindaniwa zaidi na watu wanaotaka picha yenye kutisha, na zote ni za mtu mmoja, Utagawa Kuniyoshi, aliyefariki mwaka 1861. Zaidi ya hapo zinatofautiana karibu kwa kila kitu.

Umibozu ni jitu jeusi la baharini, kichwa chake hakina hata unywele mmoja, kama cha mtawa wa Kibuddha. Kuniyoshi alimchora kwenye karatasi moja ya wima, karibu mwaka 1845, katika mfululizo wa vituo vya barabara ya Tokaido alioufanya akishirikiana na wachoraji wenzake Hiroshige na Kunisada. Zimwi la bahari linatafuta nini kwenye mfululizo wa barabara? Jibu liko kwenye kituo chenyewe, Kuwana, cha 42. Msafiri aliyetoka Edo (Tokyo ya leo) kwenda Kyoto alitembea kwa miguu mpaka Miya, hapo barabara ikaishia majini. Ilimbidi apande chombo na kuvuka ghuba mwendo wa kilomita 27 hivi, ndipo ashuke Kuwana na kuendelea na safari. Kwa hiyo mchoraji alipofika kituo hicho alitafuta kisa cha bahari, akakipata cha nahodha Tokuzo.

Mabaharia walikuwa na mwiko wa kutotweka siku ya mwisho wa mwezi. Tokuzo akatoka. Bahari ikachafuka, jitu likainuka mbele yake likamuuliza kama haoni jambo la kutisha. Tokuzo akajibu kwamba hajaona linalotisha kuliko kutafuta riziki. Jitu likatoweka.

Naipenda picha hii kwa sababu Kuniyoshi hakutumia meno wala makucha. Alichofanya ni kuweka giza lenye umbo la kichwa na mabega, akalipa macho mawili ya mviringo, akamweka Tokuzo chini yake ndani ya mashua inayorushwa na mawimbi. Ukiwa mbali, unaona doa jeusi lenye macho na hakuna la kukuchanganya. Hii ni faida kubwa ukutani: picha inasomeka mtu akiwa mlangoni.

Mizuka ya Taira inataka kinyume chake. Ni karatasi tatu zilizopangwa ubavu kwa ubavu, za karibu mwaka 1850, na kisa chake ni cha vita halisi. Mwaka 1185, kwenye mlango-bahari wa Dan-no-ura, ukoo wa Taira uliangamizwa na ukoo wa Minamoto. Waliobaki walijitosa majini, na mfalme wao Antoku, mtoto mdogo, alizama mikononi mwa bibi yake. Mwaka uleule Yoshitsune, jemadari aliyewashinda, alijikuta anamkimbia kaka yake mwenyewe. Akapanda chombo kwenye ghuba ya Daimotsu, karibu na Osaka ya leo, na katikati ya dhoruba wale aliowazamisha wakainuka kumfuata, mbele yao Tomomori, jemadari wa Taira. Askari hawakuweza kitu. Aliyeokoa chombo ni Benkei, mtawa shujaa, kwa dua na tasbihi yake.

Ukisogea karibu na picha ndipo unaona ustadi ulipo. Chombo, mabaharia wanaopambana na tanga, povu la mawimbi, vyote vina mistari myeusi ya kawaida. Mizuka haina. Imechapwa kwa rangi ya kijivu na buluu hafifu bila mstari wa pembeni, kiasi kwamba kwa mbali unadhani ni wingu la mvua. Ukikaribia, wingu lile linageuka kofia za vita, pembe za kofia, mabega na silaha, safu nzima upeo wa bahari. Si kazi ya mchoraji peke yake hiyo. Picha hizi zilichapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa: Kuniyoshi alichora, lakini mchonga mbao na mchapaji ndio waliojua namna ya kupaka rangi nyepesi juu ya nyepesi bila kuharibu.

Sasa chaguo. Kama ukuta wako ni wa korido, au kipande kati ya milango miwili, chukua Umibozu. Karatasi yake ya asili ilikuwa na kimo cha sentimita 38 na upana wa 26 hivi, kwa hiyo inaingia vizuri kwenye A3. Kama una ukuta mpana juu ya kochi na unaweza kuchapisha picha yenye upana wa sentimita 75 au zaidi, mizuka ya Taira ndiyo picha bora katika makala hii nzima, nasema bila kusita. Ila ukiichapa ndogo umeiua: mizuka itakuwa ukungu, mabaharia watakuwa siafu, na hakuna atakayejua kilichomo. Kati ya Umibozu wa A3 na Taira wa A3, Umibozu anashinda bila jasho.

Kwa anayependa kisa cha Taira lakini hana ukuta, kuna njia ya pembeni: Yoshitoshi, mwanafunzi wa Kuniyoshi, alichora tukio hilohilo kwenye karatasi moja katika mfululizo wake wa picha 100 za mwezi (1885–1892). Kuna Benkei, mawimbi na mwezi. Mizuka yenyewe hakuichora, amekuachia uiwazie. Ni tulivu zaidi, na kwa chumba cha kulala ni salama zaidi.

Na kuna kaa wa Heike (jina jingine la Taira), ambao pia ni wa kisa hiki. Gandani wana mikunjo inayofanana na uso wa mtu aliyekasirika, na watu wa pwani ile walisema ndio askari wa Taira waliozama. Ni kaa wa kweli, wadogo, ganda halizidi sana sentimita 3, na mikunjo ile ni mahali misuli inaposhika kwa ndani. Kuniyoshi aliwachora pia, wakiwa chini ya bahari pamoja na Tomomori. Hiyo nayo ni ya karatasi tatu, ila imejaa mambo mengi. Ningeiweka ya pili nyuma ya ile ya chombo.

Viumbe wa karatasi za habari: Amabie, nguva wa 1805 na kambare

Kundi hili ni tofauti kabisa. Hizi hazikuchorwa na mabingwa wenye majina. Nyingi ni karatasi za bei rahisi zilizouzwa barabarani, nyingine zilichorwa haraka haraka kwa wino mmoja. Usizitafutie urembo. Thamani yake ni kwamba zilikuwa na kazi ya kufanya.

Amabie anajulikana kwa karatasi moja tu ya mwaka 1846, ambayo leo iko maktaba ya Chuo Kikuu cha Kyoto. Inasema kwamba huko Higo, mkoa wa Kumamoto wa sasa, kitu kilikuwa kinang'aa baharini kila usiku. Ofisa akaenda kuangalia, akatokewa na kiumbe aliyejitaja kwa jina, akatabiri mavuno mema ya miaka 6 na pia maradhi ya kuenea, akaagiza achorwe na picha yake ionyeshwe watu upesi. Akarudi majini. Mchoro wenyewe ni wa kitoto: nywele ndefu mpaka chini, mdomo wa ndege, magamba, na miguu mitatu au mapezi matatu, kila mtu anahesabu anavyoona. Mwaka 2020, korona ilipoanza, Wajapani walimfufua. Watu walimchora kwenye keki, kwenye malori, kwenye barakoa, na Wizara ya Afya ya Japani ikamtumia kwenye tangazo la kuhimiza watu wajikinge. Agizo lake la 1846 likatekelezwa miaka 174 baadaye kwa kiwango ambacho aliyeuza karatasi ile asingekiota.

Mwenzake ni nguva, ningyo kwa Kijapani. Tafadhali weka kando yule msichana mrembo wa filamu anayekaa juu ya mwamba akichana nywele. Karatasi ya mwaka 1805 inamwonyesha nguva aliyedaiwa kuonekana kwenye ghuba ya Toyama: urefu mita 10 na zaidi, uso wa mwanamke wenye pembe mbili, mkia wa samaki, na macho ubavuni mwa mwili. Alikuwa akisumbua wavuvi, kwa hiyo, inasema karatasi, alipigwa kwa bunduki 450. Kisha inamalizia kwa kusema atakayeiona picha hii ataishi maisha marefu na kuepushwa na mabaya, jambo ambalo, nikiruhusiwa kusema, ni mbinu nzuri ya kuuza magazeti. Imani ya maisha marefu ilikuwepo kabla yake: huko Obama, mkoa wa Fukui, bado wanasimulia juu ya msichana aliyekula nyama ya ningyo bila kujua, asizeeke, akaishi miaka 800 akiwa mtawa.

Kati ya hawa wawili, kwa nyumba yenye watoto wadogo ni Amabie bila mjadala. Mtoto anaweza kumchora mwenyewe kwa kalamu nyeusi ikapendeza kuliko ya dukani, na kwa kuwa ndivyo Amabie alivyoagiza, hakuna anayeweza kusema umeghushi. Nguva wa 1805 ni wa mtu anayependa vitu vya ajabu na hajali mgeni akikunja uso.

Kambare ndiye ninayempigia debe katika kundi hili. Najua kambare si samaki wa bahari, lakini huyu, namazu, anaishi chini ya nchi yote ya Japani na akijitingisha ardhi inatetemeka. Mungu wa Kashima humkandamiza kwa jiwe. Usiku wa Novemba 11, 1855, tetemeko liliipiga Edo, watu wapatao 7,000 au zaidi wakafa, na maelezo ya mtaani yakawa kwamba lilikuwa mwezi wa 10 wa kalenda yao, mwezi ambao miungu yote husafiri kwenda Izumo kwenye mkutano. Kashima hakuwepo kazini.

Ndani ya siku chache wachapaji wakaanza kutoa picha za kambare bila kibali cha serikali. Zilitoka za aina zaidi ya 200 kabla mamlaka hazijazipiga marufuku baada ya miezi miwili hivi. Na hapa ndipo zinapokuwa tamu. Katika baadhi watu wenye hasira wanamtwanga kambare kwa vyombo vya jikoni na vya kazi. Katika nyingine maseremala na mafundi wa kupiga plasta wanamtetea, kwani mji umebomoka na ujira umepanda. Nyingine zinaonyesha tajiri akitapika sarafu za dhahabu zinazookotwa na mafukara. Ipo moja ambamo kambare amekuwa mweusi mkubwa kama nyangumi, anaijongea pwani huku akirusha sarafu badala ya maji, na mtu wa Edo aliyeiona hakuhitaji kuambiwa kwamba inafanana na zile meli nyeusi za Wamarekani zilizoletwa na kamanda wao Perry mwaka 1853.

Hakuna picha ya bahari ya Kijapani inayoanzisha mazungumzo kama hizi. Mbaya wake ni maandishi: karibu zote zimejaa Kijapani cha zamani, na bila kisa kichwani utabaki na samaki mwenye sharubu aliyezungukwa na watu. Ukimchukua kambare, jifunze hadithi ya picha uliyoichagua, si ya kambare kwa jumla.

Joka, Tamatori na papa

Joka ni chaguo la wengi, na kwa maoni yangu ndilo linalochosha mapema. Si kwamba limechorwa vibaya. Hokusai alipokuwa na miaka zaidi ya 80 alichora joka kwenye dari la gari la sherehe katika mji wa Obuse, mwaka 1844, na ukiliona hutalisahau. Tatizo ni kwamba joka likiwa peke yake ni umbo tu: magamba, ndevu, makucha matatu, mawingu. Ryujin, mfalme wa bahari anayeishi kwenye kasri chini ya maji na kumiliki vito vya kupandisha na kushusha maji, anahitaji mtu wa kupambana naye ndipo picha ipate uhai.

Mtu huyo ni Tamatori. Kisa chake ni cha Shido, kwenye kisiwa cha Shikoku. Kito cha thamani kilichokuwa kikipelekwa kwa ukoo wa Fujiwara kiliibwa na joka. Bwana wa ukoo akaenda kukitafuta, akamwoa mpiga mbizi wa pwani ile, wakapata mtoto wa kiume. Mama akakubali kuzama kukichukua kito kwa sharti kwamba mwanawe atambuliwe kuwa mrithi. Alipofukuzwa na joka na jeshi lake akajichana kifua kwa kisu, akakificha kito humo, na damu ikawapoteza waliomfuata. Akafika juu, kito kikapatikana, yeye akafa. Kuniyoshi alikichora kisa hiki zaidi ya mara moja. Ile ya karatasi tatu ya 1853 ina joka, samaki na pweza wote wanamwandama mwanamke mmoja mwenye kisu.

Joka la Obuse au Tamatori? Tamatori, ila angalia toleo kabla ya kulipia fremu. Wapiga mbizi wa kike wa Japani walizama kifua wazi na wachoraji wengi waliwachora hivyohivyo, na sebule inayopokea wakwe ina masharti yake. Na ukiwa unatafuta "mpiga mbizi na pweza" utakutana na ukurasa wa Hokusai wa 1814. Usiufungue ukiwa kazini.

Papa ni wa mwenye nyumba yenye ukuta mrefu mtupu. Kuniyoshi, tena karatasi tatu, karibu mwaka 1851: shujaa Tametomo amekumbwa na dhoruba, mkewe amejitosa majini, na samaki wa kutisha ambaye Wajapani humwita wanizame amejinyoosha kutoka karatasi ya kwanza mpaka ya mwisho, mgongoni amembeba mtumishi aliyemshika mtoto wa bwana wake. Juu, tengu, viumbe wenye mabawa, wamechapwa kwa kijivu chepesi kama ile mizuka ya Taira, wanateremka kumwokoa Tametomo aliyekuwa tayari kujiua. Kwa ukubwa wa kiumbe, hakuna anayemfikia. Kwa hisia, Taira wanamzidi, kwa sababu kwa papa macho yako yanafuata magamba na kusahau watu.

Ukienda kuchapisha

Omba karatasi isiyong'aa. Karatasi ya picha ya kung'aa inaua rangi hafifu, na kwa Taira na papa rangi hafifu ndiyo picha yenyewe. Usikubali wakuongezee rangi "ipendeze"; buluu ya Kuniyoshi ni nzito tayari. Faili la karatasi moja liwe na upande mrefu wa pikseli 4,000 au zaidi, na epuka picha iliyochukuliwa kwenye mtandao wa kijamii.

Za karatasi tatu zina mtego mmoja. Makumbusho mengi huzipiga picha kila karatasi peke yake, na Kijapani husomwa kutoka kulia, kwa hiyo karatasi ya kwanza ni ya kulia kabisa. Fundi fremu akizipanga 1, 2, 3 kutoka kushoto kama alivyozoea, chombo cha Yoshitsune kitakatika vipande na papa atakuwa na mkia mahali pa kichwa. Andika namba nyuma ya kila karatasi kabla hujamkabidhi, na umwonyeshe picha nzima kwenye simu.